Wembe Kwenye Paji la Nishimwe

Mtu akikuambia Goma ni mji wa vumbi, usibishane naye. Vumbi jeusi la volkano linaingia kwenye sahani, linaingia kitandani, mwisho linaingia usoni na kujenga nyumba. Lakini wanawake wa mtaa wa Katindo walikuwa na dawa yao, na dawa hiyo ilikuwa nyuma ya pazia la kijani, katika saluni ya Apolline. Unaingia umepauka kama mtu aliyelala kwenye gunia la makaa, unatoka unang'aa mpaka mume anakuuliza umekula nini.

Apolline hakuwa na uchawi wowote, alikuwa na wembe tu. Si ule wa kunyolea vichwa vya watoto, la. Ulikuwa wembe mdogo wenye mpini mrefu, aliojifunza kuutumia Kampala alikosomea kazi ya uso, na kila mteja alifunguliwa wake mpya. Alikuosha uso, akakukausha, akavuta ngozi kwa vidole viwili, halafu akaulaza wembe na kuupitisha polepole, kidogo kidogo, akianzia shavuni. Vinyweleo vilitoka, na pamoja navyo ikatoka ngozi iliyokufa, nyeupe, kama unga unaobaki kwenye chekecheo. Ana sheria zake, na sheria zake hazijadiliwi. Hapiti juu ya chunusi. Hagusi nyusi. Akipanda kwenye paji, anasimama upana wa kidole kabla ya kufika kwenye nywele za kichwa, na hapo hata umlipe dhahabu hasogei.

"Hapo kuko nini?" mteja mmoja mgeni alimuuliza.

"Hapo kuko kichwa," akajibu. "Mimi natengeneza uso."

Watu wa nyumbani walijua zaidi. Katika ukoo wa mume wake, kule Butembo, mwanamke akifiwa na mume ni mama mkwe anayemtoa kwenye kilio. Anashika wembe, anamnyoa nywele za mbele pale paji linapokutana na kichwa, kipande kidogo tu, na mambo yamekwisha: mjane anaweza kupaka mafuta tena, kucheka tena, na akitaka aolewe. Mama mkwe asipofanya, hakuna mwingine wa kufanya. Apolline mwenyewe alinyolewa hivyo alipofiwa, na mama mkwe wake, bibi mzee aliyekuwa akitetemeka mikono. Tangu hapo aliapa kwamba wembe wa urembo hautakanyaga pale.

Sasa alikuwa na mkwe mmoja, Nishimwe, binti wa Kalengera kule Rutshuru, na Nishimwe hakuwa amenyolewa. Kwa nini anyolewe? Apolline alisema mwanawe hajafa.

Mwana huyo aliitwa Paulin, na hakuwa na mwingine. Siku zile vita ilipoingia mjini, bomba zilikauka, Paulin akachukua bidoni mbili kwenda kuchota maji ziwani. Waliokwenda ziwani siku ile, wengine walirudi wakikimbia bila bidoni, wengine wakaletwa wamebebwa. Paulin hakurudi wala hakuletwa. Ikapita miezi, ikapita mvua yote, ikapita Noeli, na Apolline akiulizwa anajibu palepale, kichwa juu, "Iko hai. Kuko batu balivuka mupaka, kuko bale balipelekwa mbali. Paulin iko na akili." Siku moja Kaswera, dada wa marehemu mume wake, akathubutu kusema kwa sauti ya chini kwamba labda sasa wamwombee kijana misa. Mama wee! Alitolewa nje na chakula chake mkononi. "Mutu anayezika mutoto wangu na mudomo yake, asikule kwangu!" Apolline alipiga kelele, na avenyu nzima ikasikia.

Watu walimwita mkaidi. Kweli alikuwa mkaidi, sitamtetea. Lakini mama asiyepewa maiti, atazika nini? Wewe niambie.

Nishimwe aliishi naye nyumba moja, anapika, anafua, anamsindikiza kanisani, ananyamaza. Hakuwa amepata mtoto kwa Paulin. Hakupaka krimu, hakusuka, uso wake ukaota vinyweleo na kupoteza rangi, na Apolline akiona hivyo alifurahi moyoni, Mungu amsamehe, kwa kuwa aliona ni mke anayemngoja mume. Wakubwa nao wana upofu wao.

Halafu akatokea Dieudonné. Ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma kule Mugunga, mjane, mtu wa maneno machache na mikono yenye makovu ya moto. Alimpenda Nishimwe kwa heshima, akapeleka jambo kwa wazazi wake mwenyewe. Wazazi hawakukataa. Mama yake tu aliweka sharti: "Mutoto muzuri, lakini kilio yake haiyatoka. Tukimuingiza hivi, mauti itamufuata mupaka kwetu. Mama mukwe wake amunyoe kwanza." Wakapanga kuja Jumapili kuuliza jibu. Wakikuta hajanyolewa, basi, watamtafutia kijana wao mwanamke mwingine.

Nishimwe alipiga magoti jikoni, akamwomba Apolline. Apolline aliacha kuchagua maharage, akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Bwana yako iko hai, na unataka nikunyoe?" akasema. "Unataka nimuue na mukono yangu mwenyewe?"

Alimwomba tena siku nyingine, akapata jibu lilelile, na mara hii na mlango ukabamizwa.

Ndipo Jumamosi, siku moja kabla ya wageni, Nishimwe akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwake. Saluni ilikuwa imejaa. Alikuwepo Nsimire, muuza vitenge, mwanamke mwenye ulimi usiojua kupumzika, amepakwa krimu uso mzima. Walikuwepo na wengine wawili kwenye benchi wakingoja zamu. Pazia likafunguka, Nishimwe akaingia, akasalimia, "Jambo, bamama," na kabla ya mtu kuitika alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha kulalia, amelaza kichwa, amefumba macho.

"Kuna batu bako na zamu," Apolline akasema.

"Tunamuachia!" Nsimire akadakia kutoka ndani ya krimu yake. "Mutamu huyu, leo anakuya kutengenezwa. Bibi harusi!"

Apolline akakasirika. Angemfukuza, lakini atamfukuzaje mkwe wake mbele ya wateja? Akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini sikioni, "Nitakutengeneza uso. Uso tu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Basi akafungua wembe mpya. Akamwosha uso, akamkausha kwa pamba mpaka pamba ikatoka safi, akavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Hapo akashtuka. Muda wote ule walikula sahani moja, lakini hakuwa ameugusa uso wa msichana huyu tangu harusi yake. Shavu lilikuwa limekwisha. Chini ya ngozi ulikuwa mfupa, na chini ya jicho palikuwa na mifereji miwili ambayo mwanamke wa umri wake hakustahili kuwa nayo. Apolline akaona aibu. Akaulaza wembe, akaanza.

Alifanya kazi nzuri kuliko alivyokusudia. Mkono ulioizoea kazi haujui kununa. Alishuka shavuni, akazunguka kidevu, akapita juu ya mdomo ambapo vinyweleo ni vyepesi na wembe unataka subira. Unga mweupe ulianguka kwenye kitambaa kilichotandazwa kifuani, na mahali ulipotoka ngozi ikaja laini, ya kahawia, yenye uhai. Wanawake wa kwenye benchi walisimama kuangalia. "Ee Mungu, kumbe mutoto iko muzuri hivi!" mmoja akasema. Nishimwe alitulia tuli.

Apolline akapanda kwenye paji. Akapitisha wembe katikati, akapitisha kuume, akapitisha kushoto, na alipobakiza upana wa kidole akauinua.

"Nimemaliza. Amuka."

Nishimwe hakuamka.

"Mama, hauyafika."

"Nimefika."

"Endelea, mama. Tafazali."

Nsimire alijaribu kuuzuia ulimi wake. Kisha akashindwa. "Apolline, dada yangu, mutoto wa wenyewe atazeekea kwenye mulango yako."

"Nsimire!" Apolline akageuka na wembe mkononi. "Hapa kwangu unaleta uso. Mudomo uache kwako!"

"Sawa, sawa. Nimenyamaza."

"Na wewe, amuka. Nilikuambia uso tu."

Nishimwe akabaki vilevile, macho yamefumbwa, mikono ameikunja tumboni. Alipoanza kusema, alisema taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Mama, ile asubui ulimukata Paulin."

Apolline akamwinamia karibu.

"Chini ya taya, upande ya kuume. Ulimukata na wembe, halafu ukabandika pamba."

Wembe ulianguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuuokota.

Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Asubuhi ile ya kwenda ziwani, Paulin alikuja saluni kumwamsha mama yake, maana Apolline alilala mule akilinda vitu vyake na wezi. Alikuwa na ndevu za siku nyingi. Mama akaogopa. Mjini ilisemwa kwamba kijana mwenye ndevu na macho mekundu anachukuliwa kuwa mpiganaji, na wenye bunduki hawaulizi mara mbili. "Ikala hapa," akamwambia, "uende ziwani na uso ya mutu wa amani." Akamkalisha kwenye kiti hikihiki. Akiwa anamaliza, bomu likaanguka upande wa uwanja wa ndege, nyumba ikatikisika, na mkono ambao haukuwahi kumkata mteja ukamkata mwanawe. Paulin akacheka. "Mama, leo umeharibu kazi." Akachukua bidoni zake, akatokea mlango wa saluni, akashuka ziwani. Nyumbani hakupita. Nishimwe alikuwa nyumbani.

Wala Apolline hakumwambia mtu. Angesema nini, kwamba kitu cha mwisho alichompa mwanawe ni jeraha? Basi aliyeliona jeraha lile alimwona Paulin baada yake, na hapakuwa na njia nyingine.

"Ulimuona wapi?" akauliza.

"Kule balikuwa banalaza maiti."

"Lini?"

"Ile wiki yenyewe, mama. Nilienda kila mahali. Bale ba kazi balinifungulia, nikatembea katikati yabo, niko naangalia sura moja moja. Zingine hazikuwa tena sura. Yake ilikuwa sawa. Ilikuwa safi, umemunyoa muzuri. Pamba ilikuwa ingali inashika."

Mmoja wa wanawake kwenye benchi akajifunika mdomo kwa kitambaa. Apolline akamshika Nishimwe mabega, akamtikisa. "Na ukanyamaza! Ukanyamaza! Ukakula na mimi, ukalala na mimi, unaniona napiga magoti kwa Bikira niko namuomba amurudishe, ukanyamaza!"

"Nilikuya kukuambia." Sasa Nishimwe alifumbua macho. "Nilikimbia mupaka nyumbani. Nikakukuta kitandani, tansio ya damu imepanda, muganga anakushika mukono. Uliniangalia, ukasema: anayeniletea habari ya kifo, nitamulaani. Mama, sikuogopa laana. Niliogopa kukuzika na wewe. Ningebakia na nani?"

Apolline akamwachia.

"Nikasema nitamuambia kesho," Nishimwe akaendelea. "Kesho ikakuwa kesho kila siku."

Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na Apolline alikuwa ameficha yake hata kwa nafsi yake. Je, hakujua? Alijua. Mama anajua. Zilikuwapo asubuhi alizoamka akijua, akanawa uso haraka, akavaa, akaenda kazini kujishughulisha na nyuso za watu, mpaka ile habari ikarudi ilikotoka. Leo haikurudi. Ilisimama mbele yake katika mwili wa msichana aliyekonda, ikamwangalia.

Akainama, akauokota wembe ulioanguka, akautupa. Akafungua mwingine. Wanawake wakaelewa, wakasimama wote; Nsimire akafuta krimu yake kwa kiganja na kuvua kilemba.

Apolline akaweka vidole viwili kwenye paji la Nishimwe, akavuta ngozi. Tone likadondoka, likaangukia hapohapo wembe ulipotakiwa kupita. Akalikausha kwa pamba. Likadondoka jingine. Wembe haupiti kwenye ngozi yenye maji, unakwama, unakata, hilo aliwaambia wateja kila siku. Lakini machozi hayakujali mafundisho ya Kampala. Akakausha tena. Akasimama wima, akatazama dari, akangoja kifua kitulie, na kwa muda mrefu hakikutulia. Hakuna aliyemharakisha.

Mwisho mkono ukanyooka. Akapita ule upana wa kidole ambao hakuwahi kuuvuka, akaingia kwenye nywele. Zilikatika kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekwaruza karatasi. Akanyoa upande mmoja, akanyoa wa pili, kipande kidogo tu kama alivyonyolewa yeye. Nywele akazikusanya kwa kiganja, zote, hata moja isianguke chini. Kisha akasema maneno ambayo bibi yule mzee alimwambia zamani, na yakamtoka moja moja.

"Mutoto wa wenyewe, nilikupewa, nakurudisha. Bwana yako amekufa. Kilio yako imeisha. Enda."

Nishimwe akaanza kulia, kilio cha kimya, cha mtu aliyezoea kulia bila kusikika. Akaushika mkono wa Apolline uliokuwa na nywele, akaubusu.

"Ulimuacha wapi?" Apolline akauliza.

"Nilimuzika, mama. Nilirudi ile siku yenyewe, bale ba kazi balikuwa banabeba bote kuenda kubazika, nikapanda nabo kwenye kamyo. Nilibaambia jina lake, bakaandika kwenye kipande ya mbao. Pahali napajua. Nilikuwaka naenda pale ile siku nakuambia naenda kutafuta makala ya kupikia."

"Ukaenda peke yako."

"Peke yangu. Nilitupa udongo mara mbili. Mara ya kwanza ya kwangu. Mara ya pili ya kwako."

Apolline akaketi polepole kwenye ukingo wa kiti. Alitaka kuuliza mengi: kama alifunikwa, kama kulikuwa na padri, kama mvua ilikuwa inanyesha. Akauliza moja tu.

"Ulipotupa ile ya kwangu, ulimuambia nini?"

Nishimwe akasita. Angeweza kudanganya, na ingekuwa huruma. Lakini alikuwa amechoka kuhurumia kwa kuficha.

"Nilimuambia avumilie kidogo," akasema. "Nilimuambia, mama yako iko njiani."

Ndipo Apolline akapiga ukelele. Sauti ile ilikuwa imekaa ndani tangu siku ya bidoni, na ilipotoka ilitoka yote, ikapita pazia, ikapita avenyu, motari wakasimamisha pikipiki zao barabarani wakiulizana nani amekufa. Alianguka kwenye sakafu ya saluni yake kati ya unga mweupe na vipande vya pamba, akimwita Paulin kwa jina lake, na kwa mara ya kwanza hakumwita aje. Nsimire akavua viatu, akaketi chini kando yake na kunyoosha miguu kama watu wanavyoketi kwenye kilio. Wale wawili wa benchi wakafanya vivyo hivyo. Nishimwe akashuka kwenye kiti, uso wake unang'aa kwa machozi na kwa kazi nzuri, akaketi nao.